Mbuzi hana ugomvi na sungura: neno "anti" na Kiswahili cha maabara

Katika friji ya maabara ya biolojia mna vichupa vidogo, vingine havizidi ukubwa wa kidole. Juu ya kimoja huandikwa "anti-BCL11A, sungura". Juu ya kingine, "mbuzi anti-sungura". Msomaji asiye mwanabiolojia akiziona lebo hizo atadhani ndani ya friji kuna vita: sungura anaipinga BCL11A, na mbuzi naye anampinga sungura. Hakuna vita. Neno "anti" hapo lina kazi moja, kusema "inatambua". Kilichomo katika kichupa cha kwanza kinaitambua protini inayoitwa BCL11A. Kilichomo katika cha pili kinatambua kitu cha namna hiyo hiyo kilichotoka kwa sungura.

Wapendwa wasomaji, nimechagua lebo hizi mbili kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo sisi wa lugha tunalisahau. Tukizungumzia Kiswahili cha sayansi, tunaanza na majina na tunamaliza na majina. Tunatunga orodha, tunabishana kama neno litoke katika Kiarabu, Kifaransa au Kibantu, kisha tunarudi nyumbani. Maoni yangu ni kwamba majina yakishapatikana, kazi haijafika hata nusu. Mara nyingi kinachompotosha mtu ni kile kinachounganisha jina na jina: kihusishi, kiunganishi, kitenzi. Na kwa habari ya BCL11A kupotoka kuna bei, maana protini hii inahusu ugonjwa uliomo katika nyumba zetu nyingi, ule tunaouita SS.

BCL11A inatuhusu nini?

Damu ya mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini tofauti na ya mtu mzima. Tuiite himoglobini ya tumboni. Inajengwa kwa msaada wa jeni zinazoitwa gama. Baada ya mtoto kuzaliwa, katika miezi ya kwanza, jeni za gama zinanyamaza polepole na jeni ya beta inashika zamu. Kasoro ya SS iko katika jeni ya beta. Ndiyo maana mtoto mwenye SS kwa kawaida haonyeshi dalili mara tu anapozaliwa: himoglobini ya tumboni bado inamlinda. Inapopungua, maumivu yanaanza.

Madaktari walijua tangu zamani kwamba wagonjwa ambao himoglobini yao ya tumboni inabaki juu huugua kwa kiasi kidogo zaidi. Swali lilikuwa: ni nini kinachozinyamazisha jeni za gama? Mwaka 2007 na 2008 uchunguzi wa urithi katika makundi mbalimbali ya watu ulielekeza kidole kwenye BCL11A, jeni iliyo katika kromosomu ya 2. Mwaka 2008 kundi la Vijay Sankaran na Stuart Orkin, huko Boston, lilionyesha kwamba protini ya jeni hiyo ndiyo inayozinyamazisha jeni za gama: ilipopunguzwa katika seli, himoglobini ya tumboni ilipanda.

Kwetu habari hii si ya mbali. Huko Kinshasa watoto wachanga 31 204 walipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: takriban asilimia 1,4 walikuwa SS. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa dawa ya hidroksiyurea kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambamo Profesa Léon Tshilolo wa Kinshasa alikuwa mwandishi wa kwanza. Dawa hiyo, inayopandisha himoglobini ya tumboni, ilipunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, hata vifo. Na mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayoitwa Casgevy: seli shina za uboho wa mgonjwa zinatolewa, sehemu inayoiwezesha BCL11A kufanya kazi katika seli za damu nyekundu inakatwa, kisha seli zinarudishwa mwilini. Bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2,2.

Basi jina BCL11A linatoka sasa maabara na kuelekea redioni, kwenye simu, kwenye vikao vya wazazi. Litafika kwa Kiswahili, tupende tusipende. Linapofika litakuwa limebebwa na maneno gani?

Mwili gani unaokingwa?

Kwa Kifaransa tunasema anticorps. Kiswahili sanifu kina neno "kingamwili", na ni neno zuri kwa sikio: kinga, mwili, kila Mswahili anaelewa. Lakini tuliangalie kwa macho ya mtu wa lugha.

Neno la asili ni la Kijerumani, Antikörper, na linaonekana katika maandishi ya Paul Ehrlich ya mwaka 1891. Körper ni "mwili", ndiyo. Ila kwa wanakemia, Körper na corps zilimaanisha pia kitu, dutu. Kila aliyesoma sekondari hapa kwetu anakumbuka masomo ya kemia: corps simple, corps composé, corps pur. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba shaba ina mwili wenye mikono na miguu. Kwa hiyo anticorps ni dutu inayokabiliana na dutu nyingine. Sehemu ya pili ya neno haikuwa na haja ya kumtaja mgonjwa.

Kiswahili kilipolipokea neno, corps ikawa mwili wa mtu, na "anti" ikawa kinga. Maana iligeuka nusu duara: kutoka "kitu kinachokabili kitu" hadi "kitu kinacholinda mwili". Silalamiki. Lugha zote hufanya hivyo, na hospitalini neno hilo linafanya kazi yake vizuri. Mtoto akipewa chanjo ya surua, mwili wake unatengeneza kingamwili, nazo kweli zinaukinga mwili.

Shida inaanza tunapoingia maabara. Kingamwili iliyo ndani ya kichupa hailindi mwili wa mtu yeyote. Ilitengenezwa kwa kumdunga sungura kipande cha protini ya binadamu, damu ya sungura ikatengeneza kingamwili za kuitambua, nazo zikachujwa. Au ilitoka katika seli zinazokuzwa kwenye chombo, kwa njia ambayo Georges Köhler na César Milstein waliieleza mwaka 1975 na ambayo iliwaletea tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kwa njia zote mbili kinachopatikana ni chombo cha kutambulia. Ni kama mbwa wa kunusa: kazi yake ni kusimama mahali penye harufu aliyofundishwa, hajatumwa kuuma.

Sasa unganisha maneno. Mzazi wa mtoto SS anaambiwa: BCL11A ndiyo inayozima damu nzuri ya mtoto wako. Kisha anasikia: wamepata kingamwili dhidi ya BCL11A. Kila neno katika sentensi ya pili linamvuta upande mmoja. Kinga: inalinda. Mwili: wa mtoto wangu. Dhidi: inapigana na adui. Atahitimisha kwamba kuna dawa, na kwa mantiki ya Kiswahili amehitimisha sawasawa. Kosa liko kwa aliyetafsiri.

Ukweli wa biolojia ni mwingine kabisa. BCL11A hukaa ndani ya kiini cha seli. Kingamwili ni molekuli kubwa, kwa kawaida haiingii katika seli iliyo hai. Maabara huifikisha huko kwa kuipasua seli au kwa kuikausha na kuitoboa. Seli iliyotendewa hivyo imekufa. Mtu akimdunga mtoto kingamwili hiyo hatamponya, na lebo yenyewe husema kwa kawaida kwamba bidhaa ni ya utafiti tu. Ninajiuliza ni wangapi katika miji yetu wangeweza kuuza "kinga dhidi ya BCL11A" kwa wazazi waliochoka, na ni sentensi gani ya Kiswahili ingewazuia.

Kiunganishi "-a" na mitego yake

Mtu atasema: tuache "dhidi ya", tuseme tu "kingamwili ya BCL11A". Hapo tunaangukia mtego wa pili, nao tunaujua vizuri sisi tunaosoma sarufi. Kiunganishi "-a" hakisemi uhusiano, kinasema tu kwamba uhusiano upo. Dawa ya meno inayasaidia meno. Dawa ya panya inamuua panya. Dawa ya malaria inaiondoa malaria. Dawa ya usingizi inauleta usingizi. Umbo ni moja, uhusiano ni tofauti kila mara, na msikilizaji anaupata kwa sababu anajua tayari panya ni nini na meno ni nini. BCL11A haijui. Umbo halimsaidii.

Katika maabara mtego unazidi. "Kingamwili ya sungura" ni ipi? Ile iliyotoka kwa sungura, au ile inayotambua kitu cha sungura? Na tazama kipimo chenyewe kinavyoenda. Protini za seli zinapangwa kwa ukubwa ndani ya jeli, zinahamishiwa juu ya utando, kisha utando unaoshwa kwa kingamwili ya kwanza, ile iliyotoka kwa sungura na inayotambua BCL11A. Kingamwili hiyo haionekani kwa macho. Kwa hiyo inaletwa kingamwili ya pili, iliyotoka kwa mbuzi, inayotambua kingamwili za sungura na iliyobebeshwa kimeng'enya kinachotoa mwanga. Mahali mwanga unapotokea, mbuzi amemkuta sungura. Mahali sungura alipo, huenda BCL11A ipo. Andika haya yote kwa "-a" peke yake: kingamwili ya mbuzi ya sungura ya BCL11A. Mwanafunzi atakayeelewa sentensi hiyo alikuwa ameshaelewa kabla ya kuisoma.

Kiswahili kina njia iliyo wazi, na ni kitenzi. Asili isemwe kwa "iliyotoka kwa". Shabaha isemwe kwa "inayotambua", au "itambuayo" kwa anayependa ufupi. Na yule wa Lubumbashi au Bukavu anayesema "yenye inatambua" asichekwe, maana urejeshi wake wa "yenye" unabeba maana ile ile bila kupoteza chochote. Kwa hiyo: kingamwili iliyotoka kwa mbuzi, inayotambua kingamwili za sungura. Ni ndefu, ndiyo. Urefu huo ni bei ndogo kuliko ya kumchanganya msomaji.

Kuna neno jingine la kuchunga hapa kwetu, nalo ni "dawa". Katika Kiswahili chetu kitu chochote cha kemia kinaweza kuitwa dawa, hata kile cha kung'arisha viatu. Mfanyakazi wa maabara akisema "weka dawa" anamaanisha tone la kimiminiko fulani. Ndani ya maabara hakuna anayepotea. Sentensi hiyo hiyo ikitoka nje ya mlango, "wana dawa ya BCL11A", imebadilika kuwa ahadi. Ningependa mwanafunzi yeyote wa biolojia afundishwe siku ya kwanza kwamba neno "dawa" linavuliwa mlangoni pamoja na koti jeupe.

Kukandamiza au kunyamazisha?

BCL11A ni ya kundi la protini zinazoongoza unukuzi. Neno "unukuzi" lisitushangaze: ni letu. Tunalitumia katika fonetiki tunaposikiliza mtu na kuandika sauti zake. Wanabiolojia wameazima kutoka duka letu unukuzi, tafsiri, herufi, hata "usemi" wa jeni. Wakija kuuliza Kiswahili chake, sisi ndio wa kwanza kuulizwa.

Lakini BCL11A inaongoza unukuzi kwa kuuzuia. Kwa Kifaransa protini ya namna hiyo inaitwa répresseur. Wazo la protini inayoizuia jeni lilijengwa Paris, katika Institut Pasteur, na François Jacob pamoja na Jacques Monod, walioliandika kwa ukamilifu mwaka 1961 na kushiriki tuzo ya Nobel mwaka 1965. Tutalisemaje? Tafsiri inayokuja kwanza mdomoni ni "kikandamizi". Naipinga, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni harufu ya neno. Kukandamiza, kwa masikio ya Mkongo, ni kazi ya mwenye nguvu juu ya mnyonge. Neno linaifanya BCL11A kuwa mkosaji. Ila kila mtu mwenye afya anayo BCL11A, nayo inanyamazisha jeni za gama kwake kama kawaida. Ina kazi nyingine pia, katika seli B za kinga na katika ubongo. Watoto wanaozaliwa na nakala yake yenye hitilafu hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Ndiyo maana Casgevy haiondoi BCL11A mahali pote, inagusa tu sehemu inayoiamsha katika ukoo wa seli nyekundu. Ukimwita kitu mkandamizaji, msikilizaji atataka kiondolewe chote, na hatakuelewa ukimwambia hapana.

Sababu ya pili ni ya maana yenyewe. Kilichokandamizwa hudhurika. Jeni za gama hazijadhurika, ziko nzima, kila herufi mahali pake, zimenyamaza tu. Tumaini lote la tiba limejengwa juu ya jambo hilo: kilichonyamaza kinaweza kusema tena. Kitenzi "nyamaza" kinalibeba wazo hilo bila maelezo ya ziada. Tunacho kinyambuo chake, "nyamazisha", na ngeli ya KI-/VI- inatupa "kinyamazishi". Kwa hiyo BCL11A ni kinyamazishi cha jeni za gama. Na Casgevy je? Inamnyamazisha mnyamazishaji. Nimewaambia hivyo watu wa nyumbani kwetu ambao hawakusoma biolojia, na hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Haipo, haionekani, hatukuiona

Hapa ndipo ninapoona kazi kubwa zaidi kwa wanaisimu. Maabara inapotumia kingamwili na mstari usitokee juu ya utando, mwandishi wa memwari ataandika nini? Kiswahili kinampa njia tatu. "BCL11A haipo." "BCL11A haikuonekana." "Hatukuiona BCL11A kwa kingamwili hii." Wengi watachagua ya kwanza kwa kuwa ni fupi, au ya pili kwa kuwa inasikika kisomi. Ya tatu peke yake ndiyo ya kweli.

Ya kwanza inadai kujua dunia ilivyo. Ya pili ni ya kauli ya kutendeka: kitendo kipo, mtendaji amefichwa. Nani hakuiona? Kwa chombo gani? Ya tatu inamrudisha mtazamaji na kumtaja shahidi wake. Na shahidi huyo lazima atajwe, kwa sababu kingamwili si zote zinazosema kweli. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya kupima kingamwili 614 zinazouzwa madukani, zilizodaiwa kutambua protini 65. Zaidi ya nusu zilishindwa katika matumizi moja au zaidi. Nyingine hazikuona kilichopo, nyingine ziliona kisichohusika.

Sisi tunaotafuta maneno katika mikusanyo ya matini tunaijua shida hiyo kwa jina lingine. Tafuta herufi "som" katika faili la magazeti: utapata soma, somo, msomaji, usomaji, na pia Msomali, ambaye hana undugu na mzizi huo. BCL11A nayo ina ndugu, BCL11B, anayefanana naye sehemu nyingi. Tena protini yenyewe ina maumbo kadhaa, marefu na mafupi, yenye kichwa kimoja na mikia tofauti. Kingamwili inayotambua kichwa itayaona yote. Inayotambua mkia wa umbo refu italiona hilo peke yake. Watu wawili wanaweza kutumia kingamwili mbili, zote zikiitwa "anti-BCL11A", wakapata majibu mawili, na wote wakawa wakweli. Kwa sababu hiyo maabara makini huweka kando seli ambazo jeni ya BCL11A imeondolewa. Mstari ukitokea hata huko, kingamwili inashuhudia uongo.

Historia ya BCL11A yenyewe inafundisha hivyo. Tangu 2008 ilijulikana kwamba inazinyamazisha jeni za gama. Lakini kwa miaka mingi, vipimo vilivyotumia kingamwili kuitafuta juu ya DNA viliikuta mahali pengine katika jirani hiyo, siyo kwenye mlango wa jeni za gama zenyewe. Wengine walijenga nadharia juu ya kutokuonekana huko. Mwaka 2018 tafiti mbili zilionyesha kwamba inakaa pale pale mlangoni, takriban herufi 115 kabla ya jeni kuanza, juu ya neno fupi la herufi sita: TGACCA. Mojawapo ilitumia njia mpya ambamo kingamwili inaongoza mkasi wa kimeng'enya hadi mahali protini ilipo. Na ikaeleweka kwa nini watu fulani, kwa mfano baadhi ya familia za Ugiriki, hubaki na himoglobini ya tumboni maisha yao yote: katika neno hilo wana herufi moja iliyobadilika, BCL11A inashindwa kulishika. Kosa la tahajia, kama tungesema darasani, lenye faida.

Aliyeandika kabla ya 2018 "haipo mlangoni" alikosea. Aliyeandika "hatukuiona kwa njia hii" hana cha kufuta. Tofauti kati yao ni sarufi.

Majibu kwa watakaopinga

Najua nitaambiwa kwamba Kifaransa kinatosha, kwa kuwa maabara zetu zinafundisha na kuandika kwa Kifaransa. Ndani ya maabara, labda. Lakini habari haibaki humo. Mwishowe kuna muuguzi, saa ya jioni, mbele ya mama aliyembeba mtoto mwenye homa, na mama huyo anauliza kwa Kiswahili. Muuguzi atajibu kwa Kiswahili. Tafsiri itafanyika kwa vyovyote. Swali ni kama itafanyika na watu walioketi na kufikiri, au itafanyika kwa haraka na mtu aliyechoka. Katiba yetu ya 2006 inaitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa na kuipa serikali wajibu wa kuziendeleza lugha hizo. Sijui kama kuna uendelezaji mzuri kuliko kumsaidia muuguzi huyo.

Nitaambiwa pia kwamba istilahi zimeshatungwa huko Dar es Salaam, tuzichukue tu. Tuzichukue, na kwa shukrani. "Kingamwili" naibakiza. Ila orodha ya istilahi haina vitenzi vya kutosha wala mfano wa sentensi, na haimjui msikilizaji wa Kolwezi, Kindu au Uvira. Hata jina la kipimo nililokieleza hapo juu linaonyesha mipaka ya kutafsiri neno kwa neno. Kwa Kiingereza kinaitwa Western blot. Edwin Southern alichapisha njia yake ya DNA mwaka 1975. Jina lake la ukoo lina maana ya "wa kusini", basi waliomfuata wakafanya utani: ya RNA ikaitwa ya kaskazini, na ya protini, mwaka 1981, ikaitwa ya magharibi. Anayeandika "kipimo cha Magharibi" atamfanya mwanafunzi amtafute Mzungu asiyekuwepo. Heri kusema kinachofanyika: kipimo cha protini juu ya utando.

Tufanye nini?

Ninapendekeza mambo manne, yote yanawezekana bila bajeti.

Kwanza, kitivo kikubali memwari za istilahi ambazo zinajaribu sentensi. Mwanafunzi asituletee maneno mia. Atuletee maneno kumi, kila moja ndani ya sentensi tano, zilizosomwa na watu wasio wa fani, nao waulizwe wameelewa nini. Sentensi iliyowafanya wasikie "dawa" pasipo na dawa irudishwe fundini.

Pili, kila mwandishi wa Kiswahili cha maabara afuate kanuni moja juu ya kingamwili: asili kwa "iliyotoka kwa", shabaha kwa "inayotambua". "Dhidi ya" ibaki kwa chanjo na maradhi, ambako kweli kuna wa kupigwa.

Tatu, maelezo yoyote ya Kiswahili juu ya kingamwili ya utafiti yafungwe na sentensi mbili fupi: Hii si dawa. Hii si kipimo cha mgonjwa. Lebo za Kifaransa husema jambo hilo kwa maandishi madogo. Sisi tuliseme kwa sauti.

Nne, tuwaendee wenzetu wa biolojia na wa udaktari, wawili wawili, mtu wa lugha na mtu wa maabara, tuandike kurasa mbili juu ya SS na himoglobini ya tumboni, zisomeke redioni kwa dakika kumi. Kuna hidroksiyurea, ambayo inasaidia sasa na ambayo watoto wa Kinshasa walishiriki kuithibitisha. Kuna tiba ya BCL11A, ambayo ipo lakini kwa bei yake iko mbali na sisi. Na kuna kingamwili ya kuitambua BCL11A, ambayo imewasaidia watafiti kuona. Mzazi anayo haki ya kuvitofautisha vitu hivyo vitatu kwa lugha anayomwimbia mtoto wake.

Wa kuanza nao wapo: jengo la Biolojia halifiki mita mia tatu kutoka hapa tulipo.